Sahani za Harusi ya Mize

Mkunazini, Mjini
21 Machi 1964

Dada yangu Mwatum binti Makungu,

Shikamoo. Salamu hizi zikukute mzima, wewe na shemeji Silima na mwanenu Mize, na majirani wote wa hapo Paje wanaoniulizia. Huku kwetu hatujambo. Mke wangu Tabia bado anasumbuliwa na jino na bado hataki kung'oa. Mvua zimeanza, na dari yetu inavuja pale pale ulipolala safari iliyopita, kwa hiyo ukija tena kitanda tutakisogeza. Mambo mengine ya mjini mnayasikia kwenye redio, mimi sina la kuongeza.

Nimeona bora nikuandikie mwenyewe kabla hujaambiwa na Msabah, utingo wa gari lenu, maana yule hupakia habari kabla ya mizigo. Klabu imefungwa. Wazungu wengi wameondoka, na waliobaki hawana tena hamu ya kukaa varandani. Nilikwenda asubuhi kama kawaida, nikakuta mlango wa jikoni una kufuli jipya na kijana mmoja amesimama na bunduki. Mpole tu. Akaniuliza, "Mzee, wamtaka nani?" Nikamwambia, "Simtaki mtu, mimi mpishi." Akasema, "Mpishi wa nani?" Nikaaga nikarudi zangu.

Sikuonewa, hilo ulijue. Sikutukanwa wala sikusukumwa. Kazi ilikuwapo, sasa haipo.

Lakini tangu siku hiyo naamka alfajiri vile vile, napiga pasi koti langu jeupe la jikoni, navaa, nakwenda mpaka ukuta wa pwani, nakaa kidogo, narudi. Tabia ananiona. Amezidisha vitumbua anavyouza barazani, na hivyo ndivyo tunavyoishi.

Nina ombi moja. Watu wa hapo wakikuuliza, sema Gharib yuko kazini. Tangu nilipoondoka Paje kijana, jina langu hapo ni Gharib Mpishi wa Wazungu. Shamba la baba sikulilima, dema la samaki sijui kusuka, ngalawa ikiyumba natapika. Ukiniondolea upishi, mimi hapo ni mtu aliyezaliwa tu. Nisitirie hili mpaka nijue naelekea wapi.

Ndugu yako,
Gharib Makungu


Paje, mfungo tatu
Mwanzo wa Mei 1964

Mdogo wangu Gharib,

Marahaba. Salamu zako tumezipokea na tumezigawa, kila mtu amepata fungu lake. Silima madema yake yamechukuliwa na maji, na tangu hapo hasemeki. Mimi nimo katika makumbi yangu ya nazi, nayafukua pwani, nayatwanga, nasuka kamba, viganja vyangu ukivishika utadhani umeshika gome la mnazi. Mwambie Tabia jino alitie karafuu, na akikataa mkokote umpeleke hospitali, wewe si unakaa bure?

Kuhusu ombi lako, umechelewa. Barua yako aliileta Msabah huyo huyo, na kabla hajanikabidhi alishatangaza juu ya gari, watu wote wakisikia, kwamba klabu imetiwa kufuli na Gharib anazurura ukutani na koti jeupe kama daktari aliyepotelewa na mgonjwa. Usimchukie. Nilikuwapo, nilizitazama nyuso za watu. Hakuna aliyecheka.

Basi rudi nyumbani. Minazi ya baba ipo, inataka mtu wa kuifyekea chini. Silima anasema atakufundisha kuvua, na ukitapika utatapika huko huko baharini, hutamchafulia mtu.

Sasa sikiliza habari yenyewe. Mize ameposwa. Aliyekuja kuposa ni Borafya, anamtakia mwanawe Ame. Ndiyo, Borafya yule yule, na najua hapo ulipo umekunja uso. Miaka ile ya siasa, kijiji kilipogawanyika kwa vyama, mama yetu alipokufa, watu wa kwa Borafya walipita njiani na majembe mabegani, wakaenda zao shamba, hawakusimama hata kutia mchanga kaburini. Na kwao walipofiwa, sisi hatukwenda. Hata pale ilipobidi tukutane shughuli moja kwa ajili ya imamu, kila upande ulikuja na chakula chake kimefunikwa kawa, wao wakala huku, sisi tukala kule, na watoto wakapigwa vibao wasichanganyike.

Watu hao ndio waliovua viatu mlangoni kwangu wakapiga hodi. Silima aliwaacha wasimame kidogo, kisha akasema, "Karibuni ndani, mbona mwasimama juani?" Mimi nilikuwa uwani, nikalia. Nimewachukia sana watu hawa, Gharib, na nimechoka kuwachukia.

Harusi tunaiweka mfungo tisa, Mungu akipenda. Jikoni atasimama Machano, kama anavyosimama kwenye shughuli zote za hapa.

Dada yako,
Mwatum


Mkunazini, Mjini
19 Julai 1964

Dada Mwatum,

Shikamoo. Nasikia huko kusi limevuma vizuri na samaki wanapatikana, tumefurahi kwa ajili ya shemeji. Tabia ameng'oa jino. Sasa anakula upande wote na anazungumza zaidi kuliko zamani. Nimechelewa kukujibu, nisamehe.

Habari ya Mize imenifurahisha. Kuhusu watu wa kwa Borafya sina neno. Miaka ile ya siasa mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko la klabu, na ugomvi wenu nilikuwa nausikia kama mvua inayonyesha mtaa wa pili. Mkiwa nyinyi mmesamehe, nami nimesamehe, ingawa sikuwahi kukasirika ipasavyo.

Nilikwenda kutafuta kazi hoteli moja hapa. Bwana mwenyewe alinipokea vizuri, akanipa chai. Akaniuliza najua kupika nini. Nikamtajia supu zangu, na nyama ya kuoka, na pudini za mvuke, na samaki wa mchuzi mweupe. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa hivyo, mzee wangu, atakula nani?" Hakuwa na dharau. Nikamaliza chai yangu.

Jirani yetu ananishauri nichome mishkaki Forodhani. Nimekataa. Tabia anakaanga vitumbua vyake nje, na wapita njia wanamwita kwa jina na kumtania, na yeye anawatania. Mimi nakaa chumbani mpaka wateja waishe. Huku mtaani walikuwa wakiniita Mpishi. Sasa wananiita Mzee. Siku ya kwanza niligeuka kutazama mzee gani anaitwa.

Nije kwenye hili la Machano. Sina ugomvi naye, lakini Mize ana mjomba mmoja tu, na mjomba huyo ni mpishi. Nipeni jiko. Wali wa Machano naujua, chini umeungua na juu unatafunika kama mchanga, na nyinyi mnamsifu kwa sababu hamjaonja kingine. Nakwambia waziwazi ili baadaye usiseme hukujua: harusi hii nikiipika ikapikika, nitajua kwamba bado nimo. Ikinishinda, koti nitalitundika, na atakayeniuliza mimi ni nani nitamwambia akaulize kwingine.

Gharib


Paje, mfungo nane
Septemba 1964

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku wazima. Silima kapata madema mapya na midomo imerudi kucheka. Mize anawekwa ndani siku hizi, anasingwa liwa mwili mzima mpaka nyumba inanukia.

Jiko umepewa. Machano alinuna, tukambembeleza, amekubali kuwa chini yako. Amesema atakuchochea moto na kukubebea unachotaka kubebewa, ila wali ukiharibika asitajwe.

Mimi sijui kupika kwa namna zako na sikuingilii. Ladha nakuachia wewe. Lakini namna watu watakavyokaa na kula, hilo wazee wa pande zote wameshalizungumza na wamekubaliana, na haikuwa kazi nyepesi. Sikuandikii hapa, kwa sababu barua zetu zinapita mikononi mwa Msabah, na wapo wachache upande wetu ambao wakijua mapema watatia fitina. Ukifika, kabla hujatia kuni mafigani, msikilize Silima. Atakwambia.

Njoo mapema.

Mwatum


Mkunazini, Mjini
12 Oktoba 1964

Dada yangu,

Shikamoo, na natumai maandalizi yanakwenda vizuri. Gari lenu nasikia limekatika ekseli, kwa hiyo barua hii nampa mtu wa Jambiani anayeondoka leo, naye ameahidi kukupitishia.

Nitafika Alhamisi, siku moja kabla ya harusi. Nilitaka kuja mapema zaidi lakini nangojea jambo moja, na sasa limekamilika, wacha nikwambie ufurahi kabla yangu. Nilikwenda kwa msimamizi mpya wa lile jengo la klabu. Nikamwambia nina harusi ya mpwa wangu na ningependa kupata sahani zilizokuwa jikoni kwangu. Akacheka, akasema, "Chukua zote, sisi tutazifanyia nini?" Dada, ni zile nyeupe zenye ukingo wa buluu. Nimezikosha moja moja mimi na Tabia. Tabia aliuliza kama Paje kuna haja ya sahani, nikamwambia asubiri aone.

Watu watakaa, na kila mmoja ataletewa yake. Nyama imepimwa, wali umepimwa, kijiko kiko juu. Hakuna atakayemnyang'anya mwenziwe mnofu, hakuna mzee atakayebakiwa na mfupa kwa sababu ya aibu, hakuna mkono utakaogusana na mkono. Machano nitamfundisha kutumikia kutoka upande wa kushoto. Kama mna neno kuhusu mpango huu, niambie kabla ya Alhamisi.

Usiku wa jana nililala vizuri, kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Gharib Mpishi


Paje, mfungo tisa
Mwisho wa Oktoba 1964

Gharib,

Salamu kwa Tabia.

Barua yako ya sahani imenifika jana, harusi imeshapita. Yule mtu wa Jambiani alikwenda kwanza msibani Makunduchi. Nimeisoma nikaikunja, nikaisoma tena. Naandika kwa sababu uliondoka mimi sijatoka ndani kwa Mize, na pengine hata wewe hujui vizuri kilichotokea. Uliona tu watu wanainuka.

Wazee walikubaliana hivi. Mikeka itandikwe, na kila sinia wakae watu wanne, wawili wetu na wawili wao. Hilo tu. Tangu miaka ile hakuna mkono wa kwetu uliokutana na mkono wa kwao ndani ya sinia moja, na watu walisema ndoa bila ya hilo ni maneno ya msikitini. Silima alikuja jikoni kukwambia, akaja tena, na mara zote mbili ulimwambia, "Ngoja shemeji, mchele uko motoni." Akaona haya kukukatiza mbele ya watu.

Basi walikaa. Wewe ulikuwa umeinamia masufuria yako, hukuona ilivyokuwa. Mimi niliona dirishani. Watu wazima walivuka mkeka wakakaa na watu ambao walikuwa wakikwepana kisimani. Silima alikaa goti kwa goti na Borafya. Wakawa wanatazama mkeka, wanangojea sinia. Ukatoka wewe na koti jeupe, Machano nyuma yako, ukaanza kumwekea kila mtu sahani yake na kijiko chake, unatoka kwa huyu unakwenda kwa huyu.

Borafya aliitazama ile sahani. Akamtazama Silima. Akasema, "Tumefahamu. Kumbe mikono yetu bado hamuitaki." Kabla Silima hajamweleza, Borafya akainuka, na watu wake wote wakainuka, na Ame akainuka na joho lake la harusi akamfuata baba yake. Sahani zikabaki chini zimejaa, zinafuka moshi.

Pilau ilikuwa nzuri. Nakwambia kwa kuwa ni haki yako. Wanawake waliokuwa uwani walikula kabla hawajajua lolote, wakasema hawajapata kula kama ile.

Ndoa ilishafungwa baada ya swala ya Ijumaa, kwa hiyo Mize ni mke wa mtu. Lakini mume hajaingia ndani. Piko la bibi harusi liko miguuni, kitanda kimetandikwa, na mtoto wangu amekaa.

Mwatum


Paje, mwezi wa mlisho
Disemba 1964

Gharib,

Hii ni barua ya pili na ya kwanza hujaijibu. Msabah ananiambia amekuona, uko mzima, umekonda. Kwa hiyo hufi na huandiki.

Sisi wazima. Mize anasuka ukili wa mikeka kutwa. Piko limefifia. Ame anapita mbali kule minazini, anatazama huku, anapita. Wazee wamekwenda kwa Borafya, wakaambiwa mambo ya chakula hayaelezwi kwa maneno. Watu wengine wanaanza kumshauri Silima aombe talaka, na akishaomba, hakuna nyumba ya upande ule wala huu itakayojaribu tena.

Nimekasirika na wewe. Wala sikasiriki kwa ajili ya sahani. Nakasirika kwamba harusi ya mwanangu uliifanya jaribio la ufundi wako, kisha lilipokushinda ukapanda gari. Mize ananiuliza, "Mama, mjomba mzima?" Hajasema lolote baya juu yako. Ingekuwa bora aseme.

Sahani zako ziko chini ya kitanda changu. Moja nimewatilia maji kuku.

Mwatum


Mkunazini, Mjini
11 Januari 1965

Dada Mwatum,

Shikamoo. Ramadhani njema kwenu nyote. Barua zako zote nimezipata.

Huku si wabaya. Tabia aliunguzwa na mafuta mkono wa kulia mwezi uliopita, sasa unapona. Siku ile alipoungua wateja walikuwa wamejaa na bakuli la unga limejaa, nikatoka nje kugeuza vitumbua ili visiungue. Kesho yake nikatoka tena. Koti sikulivaa, maana moshi wa makaa unalichafua. Siku hizi tunauza baada ya alasiri kwa ajili ya futari. Wateja wananiita Mume wa Bi Tabia. Vitumbua vyangu havijafanana na vyake, vinafura upande mmoja, na watu wanachagua vyake kwanza kisha ndipo vyangu. Tunavimaliza lakini.

Kuhusu Mize, naandika sentensi nafuta. Nimekosa, na sijui kukosa kwa aina hii kunatengenezwaje. Miaka yote nilisifiwa kwa jambo hilo hilo, kwamba kwenye meza yangu kila mtu anapata chake. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu kupata chao peke yao kunawauma.

Nataka kukuuliza jambo moja. Mzee Borafya hufuturu wapi, msikitini au barazani kwake? Nauliza tu.

Gharib


Paje, mfungo mosi
Februari 1965

Mdogo wangu Gharib,

Marahaba, na Idi mubarak kwako na kwa shemeji Tabia. Mwambie mkono aupake asali.

Sikukujibu swali lako, nilikuona mpumbavu. Mtoto yuko hapa anamalizika na wewe unauliza mtu anafuturu wapi.

Sasa nikwambie. Siku ya Idi pili, baada ya alasiri, alikuja Borafya na Ame na watu wao. Hawakupiga hodi kama wageni, Borafya aliita tu, "Mwatum! Sinia iko wapi?" Nikasema, "Naam?" kama mtu aliyeamshwa. Akasema, "Lete sinia, sie tuna njaa tangu mfungo tisa." Nikachukua kilichokuwapo, wali wa nazi wa jana na mchuzi wa pweza, wa aibu kabisa, nikaupakua wote kwenye sinia moja. Silima na Borafya na imamu na Ame wakala. Walikula mpaka wakakwangua. Halafu Borafya akamwambia mwanawe, "Haya, ingia kwako." Ame akaingia ndani kwa Mize. Mpaka leo hawajatoka ila kuchota maji, na ndani kunasikika kicheko.

Nilimuuliza Borafya kimempata nini. Akasema, "Mjomba wake alikuja." Nikamwambia Gharib hajafika hapa tangu harusi. Akacheka na Silima akacheka, na hakuna anayenieleza. Hata Msabah hajui, na hilo linamuuma kuliko mimi.

Umefanya nini? Na kama ulikuja Paje, ulipitaje hukuingia kwangu? Nataka jibu, tena refu.

Dada yako anayekupenda na aliyekukasirikia,
Mwatum


Mkunazini, Mjini
14 Februari 1965

Dada yangu Mwatum,

Shikamoo, shikamoo tena. Barua yako niliisoma kwa sauti, Tabia akapiga vigelegele barazani mpaka watu wakadhani tumepata mtoto. Msalimie Mize. Usimsumbue sasa hivi, msalimie akitoka.

Unataka jibu refu, lakini jambo lenyewe lilikuwa fupi.

Nilikuja siku moja katikati ya Ramadhani. Nilipanda gari la Bwejuu ili Msabah asinione. Kwanza nilikuwa nimepanga kuja na chakula. Nilishapika kuku, nimemtia kwenye bakuli, nimefunika. Tabia akanitazama, akasema, "Wendaje na chakula chako? Si ndivyo walivyofanyiana miaka ile?" Nikaketi kitako. Sijui kwa nini halikuniingia akilini mimi mwenyewe. Yule kuku tukampa jirani, nikaondoka mikono mitupu. Naona ilikuwa safari yangu ya kwanza kwenda mahali bila ya kitu nilichokipika.

Nilipita mlangoni kwako. Ulikuwa unakuna nazi, umenipa mgongo. Sikupiga hodi kwa sababu ungenizuia, au ungenifuata, na mimi nilitaka nikitimuliwa nitimuliwe peke yangu. Nisamehe kwa hilo.

Wanaume wa kwa Borafya walikuwa wameshatandika mkeka barazani, futari iko chini, wanangojea adhana. Nikatoa salamu. Wakaitikia. Borafya hakunitambua bila ya koti. Akauliza, "Nani mwenzetu?" Nikamwambia, "Gharib, mjomba wake Mize." Nilikuwa nimetayarisha maneno, yote nikayasahau. Nikasema, "Nimefunga, na sina pa kufuturu." Lilikuwa neno la uongo nusu, kwa kuwa nyumba yako ilikuwa pale pale, na kila mtu aliijua. Halafu imamu akaadhini. Borafya akangojea kidogo, kisha akanisukumia tende, akasema, "Nawa mikono."

Nikakaa. Muhogo wa nazi, ndizi mbichi, na samaki wa kuchoma juu yake, sinia moja. Muhogo ulizidi chumvi, sikusema. Nilikuwa sijui mkono niupeleke wapi. Miaka yangu yote ya klabu nilikula mwisho, nimesimama karibu na jiko, kutoka ndani ya sufuria, na nyumbani Tabia akiniwekea yangu pembeni kwa sababu nilizoea hivyo. Nikawa nakwangua pale ukingoni mbele yangu, kidogo kidogo. Borafya akaona. Akamvunja yule samaki, akachagua mnofu wa tumboni, akautoa miba kwa vidole vyake, akauweka mbele yangu. Akasema, "Kula, mjomba."

Nililia, dada. Mbele ya wanaume wote wale, mtu mzima na ndevu zangu, na pilipili haikuwamo. Wao wakaendelea kula, wakanitazama kama mtu anayepiga chafya.

Baadaye aliniuliza, "Zile sahani, ulikusudia nini?" Nikamwambia nilikusudia kila mtu aone kwamba nimemhudumia yeye. Akafikiri. Akasema, "Sie hatukuja kuhudumiwa. Tulikuja kula na nyie." Nikamwambia sasa nafahamu. Hakuzidisha, na mimi sikumuomba lolote juu ya Mize. Niliona nikimuomba, nitakuwa nimekuja kwa biashara.

Tulipokuwa tunanawa akasema, "Na kesho uje." Nikamjibu, "Kesho sitawahi, mzee, nna vitumbua vyangu vya kukaanga." Lilinitoka hivyo hivyo, mbele ya watu wote. Yule aliyekuwa ananimiminia maji akaniuliza, "Vya mchele au vya ngano?" Nikamwambia vya mchele, na tukaendelea kuzungumza habari za hamira mpaka ilipoadhiniwa isha.

Ndugu yako,
Gharib